UZI: Vitabu vya Lyn Hejinian, mshairi wa Kimarekani aliyehesabu umri wake kwa sentensi

Msomaji_wa_Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Leo naomba tumzungumzie mshairi ambaye kwetu hatajwi, na kwa maoni yangu tunakosa kitu kikubwa. Anaitwa Lyn Hejinian. Alizaliwa California mwaka 1941 na kufariki Berkeley, California hiyo hiyo, Februari 2024. Ameacha vitabu vingi vya mashairi, insha za nadharia ya fasihi, tafsiri kutoka Kirusi, na kazi kadhaa alizoandika bega kwa bega na wenzake. Wahakiki humweka kwenye kundi la washairi wa Language, yaani wale vijana wa San Francisco na New York waliochoshwa, miaka ya 1970, na shairi linalojifanya dirisha: unachungulia tu, unauona moyo wa mshairi upande wa pili, na kioo chenyewe hukioni. Wao walitaka kioo kionekane. Jina la kundi limetokana na jarida lililohaririwa na Charles Bernstein na Bruce Andrews kuanzia 1978 hadi 1981.

Habari za kundi zinapatikana kirahisi, kwa hiyo mimi naingia moja kwa moja kwenye kitabu. My Life.

Kilitoka mwaka 1980. Alipokiandika alikuwa na miaka 37, hivyo akakigawa sehemu 37, na kila sehemu akaipa sentensi 37. Zidisha: sentensi 1,369. Kila sehemu inasimama mahali pa mwaka mmoja wa maisha yake. Mwaka 1987 akakitoa upya, safari hii akiwa amefikisha 45. Mwandishi mwingine wa tawasifu angeongeza sura nane mwishoni, akafunga kazi. Yeye alirudi nyuma, akaingia ndani ya kila moja ya zile sehemu 37 za zamani na kupenyeza sentensi nane mpya katikati ya zilizokuwepo, ndipo akaongeza sehemu nane. 45 kwa 45, sentensi 2,025. Kwa hiyo utoto ulioandikwa mwaka 1987 sio ule wa 1980. Mwaka wake wa tano umebadilika kwa sababu anayeukumbuka sasa ana miaka 45. Sijawahi kusoma tawasifu iliyoonyesha wazi namna hii kwamba kumbukumbu inaendelea kukua ndani ya mtu, na yeye ameionyesha kwa hesabu tu, bila kutuhubiria.

Sasa tuingie ndani. Kila sehemu ina kifungu kifupi kilichowekwa pembeni, juu, kama jina. Cha kwanza kinasema: pumziko, waridi, kitu karatasini. Halafu inakuja sentensi ya kwanza ya kitabu. Kuna dakika ya rangi ya njano. Miaka minne baadaye baba anarudi kutoka vitani, amesimama chini ya ngazi, kijana zaidi na mwembamba kuliko alivyoondoka, na dakika ile ya kumlaki ni ya zambarau. Sentensi inamalizia kwa kusema dakika hazina tena rangi namna hiyo.

Basi. Hatuambiwi vita gani. Mtoto aliyezaliwa 1941, baba anarudi, hesabu unafanya mwenyewe. Hatuambiwi kama mama alilia. Sentensi ya pili inahamia kwenye vyumba vilivyo mahali fulani nyuma, vyote vikiwa na pambo la mawaridi madogo madogo. Ya tatu ni msemo wa wakubwa, ule wanaoambiwa wasichana kwamba uzuri ni tabia. Hakuna "kisha", hakuna "kwa sababu", hakuna "nakumbuka siku moja".

Wengi hufunga kitabu hapo. Nawaomba msifunge. Angalieni lile waridi la kifungu cha juu limeshahamia ukutani, na bado tuko sentensi ya pili. Vifungu vile vya pembeni havibaki pembeni. Vinashuka ndani ya sehemu nyingine, vinatokea ukurasa wa mbali kabisa, vimezungukwa na sentensi nyingine, na maana yake imesogea. Kuna kimoja kinachowataja "sisi tunaopenda kushangazwa". Kinarudi na kurudi, kila mara kimeshonwa kwenye jambo jipya. Sisi tuliokulia kwenye tungo zenye kibwagizo tunaitambua kazi hii mara moja. Tofauti ni kwamba kibwagizo chetu kina mahali pake, mwisho wa ubeti, na mkao wake unaujua. Cha Hejinian hujui kitatokea wapi.

Upande wa nadharia, insha yake inayosomwa kuliko zote inaitwa The Rejection of Closure, yaani kukataa kufunga. Aliitoa kwanza kama mhadhara San Francisco mwaka 1983. Anatenganisha maandishi ya aina mbili. Yaliyofungwa yana njia moja ya kuyasoma, kila kipande kinaelekeza pale pale. Yaliyo wazi sehemu zake zote zinafanya kazi kwa nguvu, njia ni nyingi, na msomaji anaalikwa kushiriki. Mwandishi hana tena mamlaka juu ya msomaji, na hapo anapanua hoja: anayekataa mamlaka hayo ukurasani anayatilia shaka na mamlaka mengine ya kijamii na kiuchumi. Insha hiyo na nyingine zimekusanywa kwenye The Language of Inquiry, kitabu cha mwaka 2000 kutoka University of California Press. Kila insha imetanguliwa na maelezo ya mazingira iliyozaliwa, na maelezo hayo pekee yanatosha kukupa historia ya fasihi ya San Francisco kwa miongo miwili.

Ninachotaka kutetea kwenye uzi huu ni hiki: Hejinian hakuwa mshairi upande huu na mwananadharia upande ule. Insha zake zinafikiri kwa namna shairi linavyofikiri, na mashairi yake ni utafiti. Ukisoma upande mmoja tu utamwona ama mtu wa mafumbo yasiyo na faida, ama profesa mwingine wa nadharia. Karibuni tujadili.


Malenga_wa_Pangani

Mleta uzi, nimekusoma kwa utulivu, na umeandika kwa mapenzi. Lakini mimi nimelelewa kwenye tungo zenye vina. Mshairi wa tarbia anafunga mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, na bado anakupa hoja iliyonyooka ambayo hata asiyejua kusoma anaielewa akighaniwa. Huyu mama anatoa sentensi zisizojuana, halafu anasema zilizobaki ni kazi ya msomaji. Mimi naona amekwepa kazi yake. Uchungu wa kutunga uko wapi hapo? Nauliza kwa nia njema.


Msomaji_wa_Usiku

Mzee wangu, shikamoo. Hilo ndilo swali lenyewe, na wamelijibu vibaya watu wengi kwa kudharau anayeuliza.

Uchungu upo, ila umehama. Sheikh Amri Abedi alipoandika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikuwa anaandika sheria ambazo jamii nzima ya washairi imezirithi. Hejinian hana urithi huo, kwa hiyo kila kitabu anakitungia sheria yake na kuitii mpaka mwisho. My Life ni sheria ya umri. Chukua kitabu chake cha mwaka 1978, Writing Is an Aid to Memory. Ukifungua unaona mistari imetawanyika, mmoja umeanza kushoto kabisa, mwingine katikati, mwingine umesukumwa mbali kulia. Unadhani ni fujo. Siyo. Umbali wa kila mstari kutoka pambizoni unaamuliwa na herufi yake ya kwanza. Ukianza na a, unakaa pambizoni. Ukianza na b, unasogea hatua moja. Ukianza na t, uko mbali sana. Hakuna mstari unaochagua mahali pake kwa kutaka tu. Mshairi anayejifunga hivyo kwa kitabu kizima hajakimbia kazi.

Na sentensi zake zinajuana. Nimetaja waridi. Ongeza hili: ndani ya aya hiyo hiyo ya kwanza kuna mapazia meupe ya kitambaa chepesi yanayoyabana madirisha na ambayo hayafunguliwi kamwe. Haelezi kwamba nyumba ile ilikuwa ya ukimya na adabu kali. Anakupa mapazia, msemo wa uzuri ni tabia, na baba chini ya ngazi. Vitu vitatu vinatosha, nyumba nzima umeishaiingia. Mzee, hilo si ndilo mafumbo yetu yanavyofanya? Mtunzi wa fumbo anakupa alama na kukuachia ufunguo utafute, na hakuna anayemwambia amekwepa.

Nisichoweza kukupinga ni suala la kughani. Tarbia inaingia sikioni na kukaa kichwani miaka hamsini. My Life haikaririki. Ni kazi ya jicho na ya kurudia rudia.


Ukurasa_wa_Pili

Naomba kuchangia hapo kwenye sheria na uhuru, kwa sababu vita hivi kwetu vilipiganwa, na vilikuwa vikali. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, bila vina wala mizani ya kimapokeo, kuna waliosema waziwazi kwamba yale si mashairi. Mulokozi na Kahigi nao wakatetea upana wa ushairi kwenye Kunga za Ushairi mwaka 1979. Leo wanafunzi wa sekondari wanafundishwa mashairi huru kama jambo la kawaida.

Ninachokiona kwenye uzi huu ni kwamba Kezilahabi naye alikuwa mtu wa namna hii hii, mshairi anayeandika nadharia. Alisoma Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, Marekani, akamaliza udaktari wake mwaka 1985 kwa tasnifu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Baada ya hapo zikaja riwaya zake Nagona na Mzingile. Wasomaji wengi wa Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, walizifungua wakapotea. Wahusika hawana historia, wakati unazunguka, sura zinaanza kana kwamba dunia imeanza upya. Mimi naamini huwezi kuzisoma vizuri bila kujua alichokuwa anakifikiria Madison kuhusu nani ana haki ya kuifasiri Afrika na kwa lugha ipi.

Ila tofauti yao mimi naiona kubwa. Kezilahabi anavunja hadithi ili afike kwenye hadithi ya zamani zaidi, kwenye visasili. Hejinian, kwa unavyomweleza, haendi mahali kama hapo. Anabaki nyumbani na mapazia.


Msomaji_wa_Usiku

Mkuu Ukurasa, hapo umegusa penyewe. Hejinian ni mshairi wa siku za kawaida. Kitabu chake cha mwisho cha insha, Allegorical Moments cha mwaka 2023, kinaita kabisa kurudi kwenye maisha ya kila siku. Anaamini mambo ya kawaida bado hatujayaona sawasawa, hivyo hahitaji kwenda mbali. Kwenye hili ana deni kwa watu wawili. Wa kwanza ni Gertrude Stein, mwandishi wa Kimarekani wa mwanzo wa karne ya ishirini, ambaye Hejinian ameandika insha ndefu na nzuri mno kumhusu. Wa pili ni mhakiki wa Kirusi Viktor Shklovsky, aliyefundisha kwamba kazi ya sanaa ni kukirudishia kitu ugeni wake, ili jiwe lihisiwe kuwa ni jiwe.

Kuhusu Nagona nakubaliana nawe asilimia mia. Fungua uzi wake tuje.


BintiMkunazini

Dada yenu nina swali la kawaida kabisa. Nilijaribu My Life baada ya kuona imetajwa kwenye somo la uandishi wa wanawake. Nimefika sehemu ya tatu, nimechoka. Sijaboeka, nimechoka tu, kama mtu anayesikiliza watu kumi kwa wakati mmoja. Mnaisomaje?


Msomaji_wa_Usiku

Dada, usisome sehemu mbili kwa mkupuo mmoja. Kila sehemu ni kurasa mbili au tatu tu, soma moja kisha weka kitabu chini. Soma kwa sauti. Sentensi zake kwenye karatasi zinaonekana zimekatika, lakini ukizitamka zina mwendo, ndefu inafuatwa na fupi, na fupi inagonga. Ukiweza chukua penseli, kila ukikutana na kifungu ulichokwisha kukiona, weka alama. Ukifika sehemu ya kumi utakuwa na alama nyingi, na hapo ndipo kitabu kitaanza kukufungukia, maana utajikuta unakumbuka wewe, sio yeye. Unakumbuka ulipokutana na sentensi ile mara ya kwanza, ulikuwa wapi, uliielewaje.

Sauti yake mwenyewe ipo bure mtandaoni kwenye PennSound, hifadhi ya sauti za washairi. Anasoma taratibu, bila madoido. Ukimsikia mara moja, uchovu unaousema unapungua sana kwa sababu unagundua hana haraka na wewe.

Na kwa kuwa ulikuja kupitia uandishi wa wanawake: The Rejection of Closure ilichapwa mwaka 1984 kwenye toleo la jarida la Poetics Journal lililohusu wanawake na lugha. Humo anazungumza na wanawake wananadharia wa Ufaransa, kina Luce Irigaray na Hélène Cixous, anawapokea kwa heshima lakini hawafuati mpaka mwisho. Wao wanaweka msukumo wa lugha kwenye mwili na matamanio. Yeye anauita pia hamu ya kujua, na anamwingiza hadi Faust, yule msomi wa visa vya Kijerumani aliyeuza roho yake ili apate kujua. Anakubali kwamba lugha haitaweza kamwe kuibeba dunia yote. Kwake huo sio msiba. Kama maneno yangelingana sawasawa na vitu, kusingekuwa na cha kuuliza, na tusingeweza hata kujitofautisha na vitu vyenyewe. Hoja hiyo mimi huirudia kila ninapokata tamaa na maandishi yangu.


Mtu_wa_Ughaibuni

Wakuu, niko Marekani kimasomo. Naongeza upande ambao mleta uzi hajaugusa: huyu mama alikuwa mchapaji. Kuanzia 1976 hadi 1984 aliendesha Tuumba Press, akatoa vijitabu 50, na akapanga herufi za madini ya risasi kwa mkono wake mwenyewe. Niliomba kuviona kwenye chumba cha nyaraka adimu cha maktaba. Ni vyembamba, vina jalada la karatasi ngumu. Ukipitisha kidole juu ya ukurasa unahisi herufi zimedidimia. Susan Howe alichapwa humo, Charles Bernstein, Ron Silliman, Carla Harryman, Barrett Watten. Rae Armantrout pia, mwaka 1979, miaka 31 kabla hajapata tuzo ya Pulitzer.

Nilipokuwa navishika nilielewa mambo mawili. Kwanza, hawa watu hawakusubiri kuruhusiwa na mashirika makubwa. Pili, mtu aliyepanga kila herufi kwa mkono, moja moja, kinyumenyume, haiwezekani aione lugha kuwa ni hewa. Ni kitu kizito, kinachukua nafasi, kinaisha kisandukuni. Nadharia yake nadhani ilianzia kwenye vidole.

Vingi vya vijitabu hivyo vimepigwa picha na kuwekwa bure kwenye hifadhi ya mtandaoni inayoitwa Eclipse, kwa hiyo hata aliye Songea anaweza kuviona.


Msomaji_wa_Usiku

Ahsante sana mkuu, hii imeujenga uzi. Niongeze tu kwamba hakuishia kwenye Tuumba. Poetics Journal aliihariri na Barrett Watten kuanzia 1982 hadi 1998, kisha akaanzisha Atelos, mradi mwingine wa kuchapa vitabu, pamoja na Travis Ortiz. Nusu ya maisha yake ya kazi aliwatumikia waandishi wengine. Tunapohesabu vitabu vyake, hivi navyo tuvihesabu.


Kalamu_Huru

Mimi hoja ya siasa ndiyo hainiingii. Mnasema mwandishi akikataa mamlaka juu ya msomaji, eti anagusa mamlaka ya kijamii. Mfanyakazi wa kiwandani anafaidika vipi na shairi lisilo na viunganishi? Msomaji wa mashairi haya ni mtu wa chuo kikuu. Mwenye kiwanda halali vibaya hata usiku mmoja.


Msomaji_wa_Usiku

Kaka, hiyo ni hoja nzito na ilitolewa mapema na watu wazito. Ron Silliman, mshairi wa kundi lile lile, aliandika mwaka 1977 kwamba ubepari umetufundisha kusoma tukiruka maneno, tukikimbilia picha na hadithi iliyo nyuma yake, sawa na tunavyonunua bidhaa bila kuiona kazi iliyoitengeneza. Ni uchambuzi mkali na mzuri. Lakini mwaka 1984 Fredric Jameson, mhakiki wa mrengo wa kushoto, alichukua shairi la Bob Perelman, mmoja wao, akalitumia kama mfano wa jinsi lugha inavyokatika vipande vipande katika zama za ubepari wa leo. Yaani walichokiona wao ni ukombozi, yeye alikiona kama dalili ya ugonjwa wenyewe.

Maoni yangu: Jameson yuko karibu na ukweli kwa baadhi yao. Kuna kazi za kundi lile ambazo ni vipande tu, na ukizimaliza hujabaki na kitu mkononi. Kwa Hejinian hoja hiyo haishiki vizuri, kwa sababu vipande vyake vina kumbukumbu, vinarudi na kutambuana. Mtu hapotei. Anakataa tu kuwa mtu wa namna moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuhusu mfanyakazi wa kiwandani, sitakudanganya kwamba My Life itampandishia mshahara. Ninachosema ni kwamba anayezoea kusoma bila kuambiwa nini cha kuhisi ni vigumu kumburuza kwa hotuba, na hilo lina thamani popote pale.


BintiMkunazini

Ushauri wa penseli umefanya kazi, niko sehemu ya nane. Naomba mtuambie vitabu vingine kwa ufupi, kipi kifuate?


Msomaji_wa_Usiku

Hongera dada. Kwangu kinachofuata ni Oxota, cha mwaka 1991. Mwaka 1983 alikwenda Umoja wa Kisovieti wakati kundi la muziki la mume wake, Rova Saxophone Quartet, lilipofanya ziara huko. Alikutana na mshairi Arkadii Dragomoshchenko wa Leningrad, wakaandikiana kwa miaka mingi, akajifunza Kirusi na kutafsiri vitabu vyake viwili, Description na Xenia. Oxota ndiyo matunda yake. Ameiita riwaya fupi ya Kirusi, lakini kila sura ina mistari 14, kwa kumfuata Pushkin ambaye aliandika Eugene Onegin kwa beti za mistari 14. Ndani kuna foleni, theluji, chai, majiko ya watu, mabishano ya usiku kuhusu sanaa. Ni kitabu chake chenye upendo mwingi kuliko vyote, na kwa sababu kuna wahusika wenye majina wanaorudi, hutachoka haraka.

Kuna kingine kitakachokugusa wewe mtu wa Mkunazini. The Book of a Thousand Eyes, mwaka 2012, ni heshima kwa Shahrazad wa Alfu Lela Ulela, zile hadithi tulizozipata sisi kwa Kiswahili tangu zama za bibi zetu. Ni kitabu kinene cha usiku, ndoto, nyimbo za kubembeleza, visa vinavyoanza na kukatika. Ukifikiria, Shahrazad ndiye mwanamke wa kwanza kukataa kufunga: akifunga hadithi, anakufa. Naona Hejinian alikuwa akimwelekea tangu mhadhara ule wa 1983.

The Fatalist wa mwaka 2003 umechongwa kutoka kwenye barua na barua pepe alizowaandikia watu. Mimi naupenda nusunusu, una kurasa zinazong'aa na nyingine zinazopita tu. The Unfollowing wa mwaka 2016 ni maombolezo. Mashairi ya mistari 14, na hakuna mstari unaotokana na ule uliotangulia. Aliyefiwa ataelewa haraka kwa nini: kifo hakitokani na chochote, na siku inayofuata haitokani na kifo. Usikisome wiki ya msiba, lakini ukisome.

My Life in the Nineties ya mwaka 2003 ni sehemu kumi za muongo wa 1990. Soma baada ya kumaliza ile ya kwanza, sio kabla.


Ukurasa_wa_Pili

Naomba kuuliza kuhusu wenzake. Bernstein nimemkuta kwenye orodha ya kusoma lakini sijui niingilie wapi.


Mtu_wa_Ughaibuni

Anza na Artifice of Absorption ya mwaka 1987, baadaye iliingia kwenye kitabu chake A Poetics cha mwaka 1992. Ni insha ya nadharia iliyoandikwa kwa mistari ya shairi, kurasa nyingi. Anauliza kwa nini baadhi ya maandishi yanatumeza tukasahau tunasoma, na mengine yanatusukuma nje, na kwamba mshairi anaweza kutumia vyote viwili kwa makusudi. Bernstein ana kelele zaidi na vichekesho. Hejinian ana subira. Mimi ningesoma wote wawili sambamba.


Malenga_wa_Pangani

Marahaba mwanangu, nimechelewa kuitikia. Nimeisoma ile insha ya kukataa kufunga, ipo bure kwenye tovuti ya Poetry Foundation, mjukuu alinisaidia pale Kiingereza kiliponizidi. Bado nasimama na vina vyangu. Lakini nimependa alipokataa kuliona umbo kama chombo kilichosimama tu. Anasema umbo ni shughuli, ni kitendo. Hilo mtunzi wa tarbia analijua: kina ndicho kinachomtafutia hoja ambayo hakuwa nayo alipokaa kitako. Mara ngapi nimeanza utungo nikitaka kusema jambo moja, kina kikanipeleka kwenye jambo bora zaidi. Kama mama huyu anahesabu sentensi ili hesabu imfikishe mahali asipopajua, basi tunatoka ukoo mmoja.

Sasa nataka kitabu chenyewe. Kijana wangu anakuja likizo kutoka Uingereza, nimwagize kipi? Naona matoleo ni mengi na bei zinatofautiana.


Msomaji_wa_Usiku

Mzee, mwagize toleo la Wesleyan University Press la mwaka 2013. Jina lake ni My Life and My Life in the Nineties, juzuu moja yenye zote mbili, na sehemu ya kwanza ndani yake ni ile ya 45 kwa 45. Asihangaike na toleo la 1980 la Burning Deck, hilo ni la wakusanyaji na bei yake haina sababu. Kama mzigo unaruhusu, aongeze The Language of Inquiry ya jalada laini. Usianze na dibaji ndefu, nenda moja kwa moja kwenye insha mbili kuhusu Stein. Ukishazisoma, rudi hapa utuambie kuhusu kina na hoja, maana maelezo yako ya kina kumtafutia mtunzi hoja sijayaona kwenye kitabu chochote cha nadharia nilicho nacho, na ningependa uyaandike kwa urefu.